Nani Kaianika Sanda ya Bi Kidawa

Asalaam aleikum, akina mama. Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Mwalimu wetu kaenda kumzika shangazi yake, ndiyo maana mnaniona mimi hapa. Mie sikusoma, mnanijua: juzuu amma na darasa la nne, basi. Sitawatolea aya zinazonizidi kimo. Nitawapa mfano. Lakini mfano wenyewe una wenyewe, kwa hiyo kwanza tuapizane.

Kila mmoja aweke mkono kifuani. Na wewe wa dirishani, weka simu chini, weka mkono. Semeni: Wallahi, nitakayoyasikia leo yatabaki chini ya mkeka huu. Sitamwambia mume wangu. Sitamwambia shoga yangu wa bombani. Haya. Mmeapa. Na mimi nimemwapia mwenye siri yake kwamba sitamtaja jina, na kumtaja simtaji.

Kulikuwa na mama mmoja, katika mji mmoja, si huu. Mtaa msijisumbue kuutafuta. Mama mwenyewe alikuwa msafi, msalihina, swala tano hazimpiti, ila ulimi wa Bi Kidawa ungeweza kukuna nazi ikaisha...

Astaghfirullah. Limeponyoka.

Basi, limeshatoka, na jina likishatoka halirudi kinywani. Twende nalo hivyo hivyo. Kina Bi Kidawa wako wengi duniani, nyie msigeuze shingo kumtazama mtu.

Nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa na watu watatu. Yeye mwenyewe, mzee wake, na mkwe wake. Mwanawe, Mbwana, alikuwa dereva wa lori la masafa, nyumbani anakuja kama mwezi, leo yupo, kesho hayupo. Akamwacha mkewe kwa mama. Na yule binti, jamani, alikula jeuri. Chumvi ikipungua: "Huu mchuzi au maji ya kunawia?" Chumvi ikizidi: "Unataka presha inipande nife mapema, ulale chumbani kwangu?" Binti anainamisha kichwa tu. "Nisamehe, mama." Na kusamehewa hasamehewi, maana msamaha ukitolewa asubuhi, adhuhuri utasemwa nini?

Jirani naye. Nyumba mbili zile zilishikana ukuta, na kwenye ukuta wa uani palikuwa na kimlango, kile cha kizamani, cha wanawake kupitishiana kijinga cha moto na chumvi bila kutoka nje. Siku moja maji machafu ya karo ya upande mmoja yakaingia upande wa pili. Neno likazaa neno. Bi Kidawa akakipiga komeo kimlango upande wake, jirani akaegemeza magunia ya mkaa upande wake. Tangu hapo, misibani walikaa mkeka mmoja wamepeana migongo. Siku ya Idi walipeana mkono kwa ncha za vidole, kama watu wanaopokezana kaa la moto.

Na mzee? Mzee ndiye hasa niliyemjia. Bi Kidawa alikuwa hasemi naye. Si kwamba walikosana leo. Walikosana zamani, ugomvi wenyewe ukafa, ukaoza, wakasahau hata ulihusu nini, yakabaki mazoea. Mzee kakaa pale, hatua mbili, Bi Kidawa anamwambia mkwe:

"Mwambie baba mkweo chai ipo."

Binti anageuka. "Baba, chai ipo."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

Mkwe akiwa hayupo, aliambiwa paka. "Wewe paka, yupo mtu humu ndani kavaa shati limechanika kwapani, kama ana aibu alivue lishonwe." Na mzee analivua, analiweka juu ya kiti, paka analikalia.

Mnacheka. Chekeni. Mimi nawaona wanaocheka kwa sababu kwao hakuna, na nawaona wanaocheka kwa sababu wana paka.

Sasa, Bi Kidawa alikuwa na sanda yake. Aliletewa na shoga yake aliyekwenda Hija, bafta nyeupe, vipande vyake vitano kamili kama inavyotakiwa kwa mwanamke, imesuuzwa kwa maji ya Zamzam. Kaikunja kwa udi na karafuu, kaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Sanduku halina kufuli. Nani ataiba sanda? Hata mwizi ana mpaka wake.

Mwaka mmoja masika yalikuwa marefu, kila kitu kikapiga ukungu. Mvua zilipokatika, Bi Kidawa akalivuta sanduku, akanusa, akasema hapana, hii siendi nayo kaburini inanuka ghala. Akaitoa, akaianika uani. Kisha akaleta kibao, akakaa kuilinda, kuku wasije wakairukia.

Mwanamke mbele ya sanda yake, jua la saa nne, na upepo mdogo. Bafta ikawa inajaa upepo na kunywea, inajaa na kunywea, kama kifua cha mtu aliyelala. Bi Kidawa akaitazama. Hakuwa na la kufanya ila kuitazama. Kile kipande kirefu kitanifunika hapa mpaka hapa. Kile cha kichwani. Nani atakifunga? Waosha ni wale wale wa mtaani. Atakuwepo jirani, maana yeye ndiye fundi wa kazi hiyo. Atanigeuza ubavu. Maji atanimiminia mkwe wangu.

Mkwe akapita na ndoo. Bi Kidawa akasema, "Mwanangu, umekula?"

Binti akasimama. Akatazama nyuma kama kuna mtu mwingine kaingia. "Mimi, mama?"

"Kuna nani mwingine? Kaa ule kwanza. Vyombo havina miguu."

Mchana akakaanga vitumbua, akatia kwenye sahani, akafunika kwa kawa, akamtuma binti kwa jirani. Sahani ikaenda. Jirani akainusa, akamwonjesha kuku kwanza, kuku akaishi, naye akala.

Na alasiri, akina mama, Bi Kidawa akachukua kikombe cha chai kwa mkono wake mwenyewe, akaenda barazani, akasema: "Baba Mbwana, chai yako." Halafu akakaa. Mzee alikunywa ile chai polepole hata ikapoa, alikuwa anaogopa ikiisha na mtu atanyanyuka.

Magharibi sanda ikakunjwa, ikarudi sandukuni. Kesho yake bado palikuwa na upole kidogo, kama joto la jiwe la jikoni. Kesho kutwa asubuhi: "Huu mchuzi au maji ya kunawia?"

Ndivyo tulivyo. Nimechoka na misiba, akina mama, na si kwa kuzika. Kinachonichosha ni njia ya kurudi. Kwenda tunakwenda tumeshikana mikono, "dunia si kitu, shoga, tusameheane." Kurudi, hatujafika kona ya kwanza, mtu anasema: "Umeona lile pilau? Nyama wamehesabu." Sanda imeshaingia sandukuni.

Basi ikapita kitambo. Siku moja Bi Kidawa anatoka kusaga, anaingia uani, anakuta sanda yake iko kambani. Yote. Imenyooshwa vizuri. Na yeye hajaitoa!

Alipiga kelele kuku wakapanda juu ya bati. "Nani? Nani kaitoa? Nani anayenihimiza?" Mkwe akatoka jikoni macho mekundu kwa moshi. "Si mimi, mama. Wallahi si mimi." Mzee barazani kanyamaza, na kwa kuwa mzee kunyamaza ndiyo kazi yake, hakuna aliyemuuliza.

Lakini angalieni mambo. Bi Kidawa akaikunja, na ile hofu ikamlainisha kuliko mara ya kwanza. Siku ile alimsuka mkwe wake nywele. Jioni akakaa tena barazani. "Baba Mbwana, goti linakuumaje?" "Afadhali." "Nitalichua kwa mafuta ya habasoda." Na akalichua.

Ukali ukarudi. Na ukirudi, baada ya siku, sanda iko kambani. Ukipoa, sanda iko sandukuni. Mtaa mzima ukapata la kusema. Kuna waliosema jini. Kuna waliosema uchawi. Wengi wetu tulisema ni mkwe. Nimesema tulisema? Walisema. Mji si huu.

Bi Kidawa akapata akili. Aifiche mahali ambapo hakuna mwanadamu atakayefikiri kuitafuta. Akaitia kwenye kikapu, akafunika kwa mchicha, akaenda kupiga hodi kwa jirani.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe mimi gani?"

"Mimi jirani yako, na usinifanye niseme mara mbili."

Jirani akafungua mlango nusu. "Unakuja kwa heri?"

"Nakuja na sanda yangu."

"Yarabi! Umekosa pa kufia mpaka kwangu?"

"Nifichie, bibi wee. Kila mtu anajua mimi kwako sikanyagi."

"Na kweli hukanyagi. Vua ndala hizo, nimepiga deki."

Jirani akaiweka chini ya godoro lake. Alilalamika kwamba ataota maiti, lakini akaiweka. Na mtu akikuwekea sanda yako, umeshamkubali kuwa mtu. Wakanywa kahawa, kwa uchungu uchungu hivi, kila mmoja akitazama upande wake.

Sasa nisikilizeni. Haikupita wiki. Bi Kidawa anatoka sokoni, anasukuma mlango wa uani, macho yake yanagonga kitu cheupe kambani. Bafta. Hakusogea hata hatua moja kuitazama. Alitupa kapu, akatoka mbio kwa jirani, nyanya zinabingirika njiani.

"Umeitoa! Mwanamke msaliti wewe, umeitoa!"

"Nimetoa nini? Njoo utazame mwenyewe!" Jirani akainua godoro. Sanda ipo, vipande vitano, na karafuu zake. Bi Kidawa akakaa chini sakafuni.

"Basi ile iliyoko kambani ni ya nani?"

Wakarudi wote wawili. Kamba tupu. Kuku, jua, na kamba tupu. Jikoni yupo mkwe, anapepeta mchele.

Hapo Bi Kidawa akaelewa, au aliona ameelewa. "Kanikatia sanda mpya! Ya kwangu kaikosa, kaenda dukani kaninunulia nyingine! Kumbe nachelewa!" Binti akaapa. Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake aliyemzaa, akaapa amepiga magoti pale pale uani kwenye maji ya kuoshea mchele. Bi Kidawa akamwambia: "Mbwana anaingia Ijumaa. Nitamwambia achague. Abaki na mke, mimi niende kwa dada yangu, au abaki na mama yake, wewe uende kwenu. Na Mbwana wangu namjua atachagua nini."

Na kweli, hata mimi namjua. Mtoto wa kiume wa pekee, mama analia, atachagua nini? Binti alikuwa na miaka mingapi katika ile ndoa? Aliolewa anacheka. Akaingia jikoni, akafunga kanga zake furushi, akalia. Alilia hivi, kwa sauti ya kujizuia, ile inayopenya ukuta kuliko ukelele.

Alhamisi ikafika. Bi Kidawa alitaka ushahidi wa kumwonyesha mwanawe. Akavaa baibui, akasema kwa sauti kubwa nyumba nzima isikie: "Naenda hitimani ng'ambo ya mji! Sirudi mpaka Magharibi!" Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, akaingia kwa jirani. Aliita mashahidi wawili. Lakini mnaijua mitaa yetu. Ukiita wawili, wanakuja na shoga zao, na shoga wanakuja na watoto mgongoni. Ua wa jirani ukajaa. Mmoja kapanda kinu, mmoja kapanda ndoo, Bi Kidawa na jirani wakasimama pamoja juu ya pipa moja, wameshikana viuno wasianguke, wanachungulia juu ya ukuta.

"Usinikanyage."

"Nyamaza, anakuja."

Mkwe akatoka jikoni na ufagio. Akafagia ua wote, hata pembeni, kama mtu anayeacha nyumba ya watu ikiwa safi. Bi Kidawa anahema. "Sasa hivi. Sasa hivi anaitoa." Binti akaweka ufagio, akanawa mikono, akarudi jikoni, akafunga mlango.

Ua ukabaki mtupu. Wanawake wakaanza kuchoka. Mtoto mmoja akataka kulia, akatiwa titi mdomoni.

Mlango wa chumba ukalia. Akatoka mzee.

Mzee! Na goti lake bovu, kajitupia bafta begani kama mama aliyebeba nepi. Akaenda kambani, polepole. Akatandaza kipande, akakipapasa kwa kiganja, mkunjo mmoja ukakataa, akaurudia. Akatandaza kingine. Yule mtu hakufanya kama mchawi, akina mama. Alifanya kama anamtandikia mgeni kitanda.

Aliyesema neno kwanza simjui. Nilichosikia ni magunia ya mkaa yakipigwa mateke, na komeo la miaka yote likang'oka na misumari yake, na wanawake wakamwagika kwenye ule ua kama mchele kwenye ungo.

"Umekamatwa!" Bi Kidawa anapiga kelele. "Wewe! Kumbe ni wewe! Nimekuzalia, nimekupikia, nimekuuguza, na wewe ndiye unayenitakia kufa!"

Jirani akamnong'oneza mwenzake: "Leo kasema naye mwenyewe, bila paka."

Bi Kidawa akairukia kamba, akakamata bafta kwa vidole vyote. Akavuta kipande kimoja. Cha pili. Cha tatu. Akapeleka mkono kutafuta cha nne, mkono ukashika hewa. Akatazama begani kwa mzee. Hapana kitu.

Mkono ukabaki pale pale juu.

Pale uani hapakuwa na mwanamke asiyejua hesabu hiyo. Mwanamke hukafiniwa kwa vitano. Vitatu ni vya mwanamume.

"Baba Mbwana," akasema, na sauti imeshuka, "hii ya nani?"

"Yangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimezeeka."

"Umeinunua lini?"

"Nilipolikuta sanduku lako tupu." Mzee alisema vile bila haraka, kama mtu anayetua mzigo mlango hata haujafunguliwa. "Mama Mbwana, siku ile ulipoianika ya kwako, uliniita kwa jina. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwako tangu Mbwana hajaota ndevu. Nikasema, kumbe mke wangu yupo. Yumo mle sandukuni, amekunjwa pamoja na sanda. Nikawa nikimhitaji naenda kumfungulia. Halafu ukaificha. Nikakaa nikafikiri, nikasema, mbona hata mimi nakufa? Nikatie na yangu. Labda ukiiona yangu pia utatoka. Na siku ile ulipotupa kapu ukakimbia, nikaogopa, nikaianua."

"Sikujua kuwa ni yako," Bi Kidawa akasema, akamrudishia bafta yake mikononi.

"Hukuuliza. Kila ulipoona nyeupe kambani, ulijiona wewe."

Waacheni wamesimama hapo kidogo, akina mama. Waacheni na bafta yao. Nataka niseme na sisi.

Sisi kifo tunakikumbuka upande wetu tu. Mtu akipata homa kali anaita mtaa mzima, "nisameheni, jamani, binadamu mimi." Homa ikishuka, msamaha unashuka nayo. Mashekhe wanatuambia tukumbuke mauti, nasi tunaitikia, tunakumbuka: yangu, yangu, yangu. Nitakufa, kwa hiyo nitubu. Nitakufa, kwa hiyo nitoe sadaka. Vizuri. Lakini yule aliyeketi hatua mbili kutoka kwako, ambaye umesusa kumpa chai kwa mkono wako, umewahi kumtazama ukasema: huyu naye ana vipande vyake? Hujui atatangulia nani. Unajiwekea ukali kwa mwaka ujao, kana kwamba mwaka ujao mmeshapewa wote wawili, wewe na yeye.

Nani kati yetu hajawahi kumlilia maiti kwa maneno matamu ambayo alipokuwa hai tulimnyima? "Mume wangu, taa yangu, nguzo yangu!" Taa? Ulikuwa ukimwita nani "mtu humu ndani"? Maiti hasikii, shoga. Umemfungulia sanduku akiwa hana tena pa kutokea.

Na si wazee tu. Kifo hakipangi foleni kwa mvi. Mkwe wako ana sanda, ingawa dukani haijakatwa. Jirani wa karo ana sanda. Mtoto unayemtupia maneno asubuhi akienda shule naye, Mungu amweke, ana yake. Tungekuwa na macho ya kuziona zile nyeupe zinazopeperuka juu ya kila kichwa, tungesema vipi? Tungepika vipi? Si ingetutosha kusema nao taratibu kidogo tu? Mimi sisemi tupendane, hilo kubwa, mwalimu atakuja kulisema. Mimi nimechoka, naomba dogo. Naomba tuitane kwa majina.

Na msidhani nimekuja kumsifu yule mzee. Najua mmeanza kumwonea huruma, nyuso zenu nimeziona. Ngojeni.

Wale wanawake wakiwa bado wamewazunguka, mlango wa jiko ukafunguka. Mkwe akatoka na furushi lake kichwani. Alikuwa amesikia yote. Bi Kidawa akanyoosha mikono, "Mwanangu," akasema, "mwanangu, nimekukosea." Binti alipita katikati ya watu, wakampisha, akaenda kusimama mbele ya mzee.

"Baba."

"Mwanangu."

"Siku ile nilipopiga magoti hapa nikaapa kuwa si mimi, ulikuwa barazani?"

"Nilikuwepo."

"Na siku zote hizi nikilia jikoni. Ulikuwa unanisikia?"

Mzee akatafuta pa kuiweka ile bafta. Chini ni vumbi, kambani hakufiki, maana wanawake wamemzunguka pande zote na hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea. Akabaki ameikumbatia kifuani.

"Nilikuwa nakusikia," akasema.